Kutoka Kindai hata Kitangiri: Habari za Perege na Nyavu

Mwezi huu twawaletea habari za safari yetu fupi. Hatukutoka nje ya mkoa wetu wa Singida, wala hatukulala njiani zaidi ya siku mbili. Lakini tulikwenda na haya usoni, nayo ndiyo sababu ya kuiandika.

Yeyote afikaye mji wa Singida kwa mara ya kwanza huona mambo mawili kabla hajaulizia nyumba ya kulala, yaani mawe na maji. Mawe ni yale majabali ya itale, makubwa kuliko nyumba, mengine yamekaa juu ya mengine hata mgeni akaogopa kupita chini yake. Maji ni maziwa mawili: Singidani upande wa kaskazini, na Kindai upande wa kusini, mji ukiwa katikati yao. Maji hayo yana magadi, hayafai kwa kunywa, na kiangazi kikizidi hupungua hata ukingo ukaonekana mweupe kama uliomwagiwa unga. Heroe wekundu hutua hapo kwa makundi. Watoto wa mjini wamekwisha wazoea, hawawatazami tena. Bali wageni husimama na kupiga picha.

Sisi tumekaa kando ya maji hayo miaka mingi, tukala samaki wake, na kumbe hatukuwajua. Kwetu kila samaki mwenye magamba na mgongo wa miiba alikuwa perege, na kila asiye na magamba alikuwa kambare, basi. Tungaliendelea hivyo hata kufa, kama si habari ya mpwa wetu.

Kijana huyu ni mtoto wa dada yetu marehemu, ana mke na mtoto mmoja. Shamba lake la alizeti halikumpa kitu msimu ule, mvua zilipokatika mapema. Akatujia jioni moja, akaketi, akasema, "Shikamoo, mjomba. Nina neno." Neno lenyewe lilikuwa kwamba ataka kwenda Kitangiri kuvua pamoja na rafiki yake mwenye mtumbwi, ila hana wavu. Tukamkopesha shilingi 180,000, fedha tuliyokuwa tumeiweka kwa kuezeka jiko. Hatukuuliza ni wavu wa namna gani. Mtu akikuomba fedha ya jembe, je, wamuuliza jembe lina upana gani?

Haikupita miezi miwili akarudi usiku, miguu imejaa vumbi. "Mjomba, wameuchoma." Akaketi kizingitini, hakutaka kuingia ndani. Wavu ule ulikuwa wa timba, yaani ule uliofumwa kwa uzi mmoja wa nailoni, mwangavu, usioonekana majini. Mwuza duka alimwambia ndio wavu wa siku hizi, kwa maana samaki hawauoni. Alisema kweli, lakini hakumwambia kwamba kwa sababu hiyo hiyo umekatazwa na sheria. Wakaguzi walifika mwaloni alfajiri, wakazikusanya nyavu za namna hiyo zote, wakazitia moto mbele ya wenyewe. Kijana wetu alionywa, akaachiliwa; rafiki yake akapoteza nyavu tatu.

Usiku ule hatukulala vema. Kila Jumapili twasimama mbele ya watu na kuwafundisha watii mamlaka yaliyowekwa, na kumbe fedha yetu wenyewe ndiyo iliyonunua wavu wa haramu. Tena mke wa kijana alikuwa akitutazama kama watu waliomtuma mumewe mwituni bila kumwonyesha njia. Ndipo tukasema, hapana budi twende pamoja naye, tujifunze kwa macho yetu yapi yaruhusiwayo na yapi yasiyoruhusiwa.

Kabla ya kuondoka tulishuka Kindai siku ya Jumamosi kuwatazama vijana wavuao kwa ndoana. Hao hukaa juu ya mawe, kila mmoja na ufito wake na mshipi, chambo chake ni nyungunyungu au donge la ugali. Tukawaomba watuonyeshe walichopata. Katika ndoo moja mlikuwa na samaki tisa, na kwa macho yetu wote tisa walikuwa perege. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza mgono kando yetu akacheka. Akamtoa mmoja akaunyosha mkia wake kwa vidole viwili: ulikuwa na mistari myembamba iliyosimama, mmoja baada ya mwingine, kama kitambaa cha kanga kilichotiwa nakshi. "Huyu ni sato," akasema. Akamtoa mwingine, mkia wake hauna mistari, kichwa chake ni kidogo na mwili wake umejaa. "Na huyu ni ngege, au ana damu ya ngege. Siku hizi wamechanganyika, hata sisi twakosea." Wa tatu alikuwa mweusi mweusi, ana vidoa vyeupe ubavuni na juu ya mapezi. Mzee hakuwa na jina lake, alisema tu, "Huyu ni mgeni."

Maneno ya mzee yule tuliyahakikisha baadaye, nayo yalikuwa kweli. Wataalamu watatu, Genner, Turner na Ngatunga, walitoa mwaka 2018 kitabu cha kuwatambua perege wa Tanzania, chenye picha za rangi, nacho chaeleza jinsi sato na yule mwenye vidoa vyeupe walivyochukuliwa huku na huku na kutiwa katika mito, mabwawa na maziwa yasiyokuwa yao. Wanapokutana na perege wenyeji huzaana nao, na baada ya vizazi vichache wenyeji hawajulikani tena. Katika maziwa yetu ya katikati ya nchi, kama Kitangiri, Eyasi na Manyara, yuko perege mwenyeji ambaye hapatikani nje ya Tanzania. Mtaalamu wa Kijerumani aitwaye Hilgendorf ndiye aliyempa jina la kitaalamu mwaka 1905, nalo kwa Kiyunani maana yake ni mweusi pande zote mbili. Huvumilia magadi ambayo samaki wengi hawayawezi. Sasa ameandikwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Tulipoyasikia hayo tulikumbuka ni mara ngapi tumemkaanga bila kujua ni nani.

Tuliondoka Singida alfajiri kwa basi liendalo upande wa Nzega, tukateremka Misigiri, na kutoka hapo tukapanda gari dogo hata Kiomboi. Nchi ya Iramba ni ya juu, yenye upepo, na nyumba zake zimetawanyika katikati ya mashamba ya mtama, uwele na alizeti. Mwenzetu mmoja garini alikuwa na majogoo manne kapuni, akishuka nayo sokoni, nayo yakawika njia nzima kana kwamba yalikuwa yamelipa nauli. Toka Kiomboi tulikwenda kwa pikipiki mbili. Njia hushuka ukingo wa bonde kwa ghafula, na hapo ndipo mtu huliona ziwa kwa mara ya kwanza, limelala chini kama ngozi iliyotandazwa juani.

Kitangiri si ziwa la kina. Maji yake ni ya rangi ya udongo, kwa kuwa mito ya Wembere na Manonga huyaleta pamoja na matope ya mbuga, na upepo wa alasiri huyakoroga hata chini. Mvua zikiwa nyingi ziwa hujaa, likatoa maji yake kwa mto Sibiti yaendayo Eyasi. Zikiwa chache hujikunyata, na wavuvi hulazimika kusukuma mitumbwi matopeni mbali kabla ya kufika penye maji ya kuelea. Upande wa pili waonekana kwa mbali nchi ya Wasukuma. Harufu ya samaki waliokaushwa hukupokea kabla ya mtu yeyote.

Tulifika yapata saa tisa. Mwaloni palikuwa na mitumbwi mingi imepakiwa kando, wanawake wakipasua perege na kuwatandaza juu ya vichanja, na watoto wakiwafukuza mwewe. Tukauliza nyumba ya Bwana Samaki, kama wazee wangali wanamwita Afisa Uvuvi. Tukamkuta chini ya mgunga pamoja na wazee wa kikundi cha kulinda mwalo, kile ambacho wengi wakiita BMU. Vikundi hivi vilianza upande wa Ziwa Victoria mwaka 1998, kwa kuwa serikali iliona haiwezi kuweka askari kila ufuko; wavuvi wenyewe huchagua viongozi wao na kulinda maji pamoja na afisa.

Mpwa wetu alitaka kurudi nyuma. Tukamshika mkono. Tukajieleza sote wawili, bila kuficha, kwamba mmoja ndiye aliyeutumia wavu na mwingine ndiye aliyeulipia. Bwana Samaki alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Afadhali ninyi mmekuja. Wengi hununua mwingine usiku huo huo." Akaagiza viti.

Somo lake lilichukua muda mrefu, nasi twalifupisha. Akaleta kipande cha timba kilichosalia na kipande cha wavu wa nyuzi nyingi zilizosokotwa. Wa timba ni rahisi, ni mwepesi, na wavua sana siku za kwanza. Lakini huchanika upesi, na mvuvi huuacha majini au hupotea na upepo, nao hauozi. Hukaa huko mwaka baada ya mwaka ukinasa samaki wasio na mwenye kuwala, mpaka uzi wenyewe ujikunje. Sheria ya Uvuvi, namba 22 ya mwaka 2003, na kanuni zake za mwaka 2009, zimeukataza, pamoja na kokoro livutwalo toka ufukoni, sumu na baruti. Chandarua cha mbu nacho kisitiwe majini kamwe. Hapo tulitazamana, maana tulikuwa tumewapita akina mama wawili wakivuta chandarua katika maji ya magoti, tukawasalimu kwa furaha.

Kisha akatufundisha kupima jicho la wavu. Watu wengi hupima upande mmoja wa jicho, wakasema ni inchi mbili, wakaona wameonewa wakikamatwa. Sivyo. Jicho huvutwa mpaka likanyoka, nalo hupimwa toka fundo hata fundo la mbele yake. Kipimo kinachotakiwa chaweza kutofautiana ziwa kwa ziwa na samaki kwa samaki, hivyo huulizwa kwa afisa kabla ya kununua. Mvuvi awe na leseni yake, na chombo kiwe na leseni yake. Hata mgeni ajaye kuvua kwa kujifurahisha tu, kwa ufito na mshipi, hana ruhusa bila kibali.

Mpwa wetu akauliza neno tulilotaka kuuliza sisi: kwa nini serikali ishughulike na upana wa tundu, wakati mtu ana njaa?

Bwana Samaki hakukasirika. Akainuka, akaenda kichanjani, akaomba perege mmoja jike aliyekuwa hajapasuliwa, akamfumbua kinywa kwa kidole gumba. Ndani mlikuwa na mayai ya manjano, makumi mengi, yamebanana kama punje za mtama mkononi. Akaeleza kwamba perege wa aina hizi dume huchimba shimo chini ya maji na kulitengeneza. Jike hutaga humo, kisha huyachota mayai yote kwa kinywa chake, akayalea humo mpaka yaanguliwe. Siku hizo hali kitu, au hula kidogo mno. Hata watoto wakianza kuogelea hukaa karibu na mama, na wakiona hatari hurudi kinywani kwa mbio. Jike akinaswa wavuni huwatema. Basi mvuvi hudhani amepata samaki mmoja, na kumbe amewaacha watoto wale wote bila mlango wa kukimbilia. Wavu wenye tundu pana humwacha jike mdogo apite, azae hata mara moja kabla ya kuvuliwa.

Kwa habari ya kambare, mambo ni mengine. Yeye hana magamba, ana kichwa kipana kilicholala na masharubu manane, naye hupumua hata hewa ya juu, ndiyo maana hukaa hai ndooni mpaka nyumbani. Halei mayai kinywani. Mvua zinapoanza hupanda vijito na kuingia katika majani yaliyofunikwa na maji, hutaga humo, akaenda zake. Watu humngojea penye vijito kwa migono na marungu, wakajaza magunia siku mbili tatu. Bwana Samaki alisema hilo ndilo limwumizalo zaidi, maana vijitoni kambare hukamatwa kabla hajataga. (Wapo wenzetu Wakristo wasiokula kambare kwa ajili ya kukosa magamba, na wapo majirani wafugaji ambao tangu zamani hawali samaki wa aina yoyote. Pengine ziwa lingewashukuru wote, kama lingekuwa na kinywa.)

Sheria ya tundu la wavu si jambo la jana. Katika miaka ya 1927 na 1928 Mwingereza aitwaye Michael Graham alilizunguka Ziwa Victoria akichunguza samaki, kwa kuwa ngege walikuwa wamekwisha anza kupungua tangu nyavu za Kizungu zilipoingia. Ndiye aliyempa ngege jina lake la kitaalamu, lenye maana ya kuwa huliwa, naye akashauri wavu usiwe na jicho chini ya inchi 5. Shauri likawa sheria katika miaka ya 1930. Katika miaka ya 1950 upande wa Tanganyika na Uganda sheria hiyo iliondolewa, nyavu za tundu dogo zikajaa, kisha wakaletwa sato na sangara. Leo ngege karibu ametoweka katika ziwa kubwa lenyewe, wala hapatikani ila katika maziwa madogo ya kandokando na mahali alipopandikizwa. Twaliandika hili kwa kuwa wako wanaosema sheria za uvuvi ni werevu wa maofisa wa siku hizi wapate faini. Ofisa mbaya yupo, hatukatai; tumesikia ya wale wanaochukua wavu leo na kuuuza kesho. Lakini tundu la wavu lilikuwa na maana kabla yao.

Jioni kijana mmoja wa mwalo, mwenye simu, alituonyesha picha za wazungu wamesimama katika mto wa mawe, wanavua samaki wazuri wenye madoa, wanawapima kwa rula, kisha wanawarudisha majini. Watu wakacheka sana. Kuvua na kuachilia! Bwana Samaki akasema huyo ni traut, naye yupo hata Afrika Mashariki. Ewart Grogan alimleta Kenya mwaka 1905 toka Loch Leven kule Scotland, akatiwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Huko Kiganjo karibu na Nyeri pana mahali pa kumzalishia. Kwetu Tanganyika alitiwa katika mito ya Kilimanjaro na ya nyanda za juu za kusini. Wako wa namna mbili: mmoja wa rangi ya hudhurungi, ana madoa meusi na mekundu yenye duara jeupe kuyazunguka, na mkia wake kwa kawaida hauna madoa, wa pili ana mshipi wa rangi ya waridi ubavuni, na madoa madogo meusi yamejaa hata mkiani. Mabwana wa zamani waliwavua kwa mchezo, kwa ufito na chambo cha manyoya kilichofungwa mfano wa nzi, kwa cheti, na kwa hesabu ya samaki wa siku. Mwenyeji wa mto ule aliyetia mgono wake kama baba zake alikuwa mhalifu.

"Je, hawawezi kuletwa hapa Kitangiri?" kijana akauliza. Bwana Samaki akamwambia atie mkono majini. Yalikuwa ya uvuguvugu kama ya kuogea mtoto. Traut ataka maji baridi yaendayo kasi. Joto likizidi nyuzi 20 na kidogo huanza kudhoofika. "Tena tumekwisha leta wageni wa kutosha," akasema mzee mmoja wa mwalo, akatema mate kando.

Tulilala kwa mwumini mmoja. Usiku tulisikia wavuvi wakipiga maji kwa makasia. Wenye nyumba walituambia kwamba mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa miezi 3 toka tarehe 15 Mei hata 15 Agosti ili samaki wapumzike, ndugu yao wa Kigoma aliuza baiskeli. Alisema lilipofunguliwa alipata samaki wakubwa, ila baiskeli hakuipata tena. Neno hili tuliliweka moyoni, kwa kuwa Bwana Samaki hakulisema.

Asubuhi mpwa wetu alipewa shauri na wazee: ajiunge na kikundi, alipie leseni, na kwa msimu wa kwanza awe baharia katika mtumbwi wa mtu mwenye nyavu halali, apewe fungu lake. Fungu ni dogo. Alituuliza kwa macho kama tutamkopesha tena. Tulikuwa na shilingi 60,000 na nauli. Tukampa 40,000 kwa ajili ya leseni na ada ya kikundi, naye akaandika jina lake mbele ya wazee, mkono ukimtetemeka.

Kabla hatujaondoka alitupeleka kwenye kapu la mtumbwi uliokuwa umetua punde. Akamtoa samaki, akaunyosha mkia wake kwa vidole viwili, akatazama, akasema, "Sato, mjomba." Akamtoa mwingine, akautazama mkia, akageuza kichwa, akautazama tena, asiseme kitu. Mwenye mtumbwi akacheka, akatuuzia wote wawili kwa bei moja.

Tuliwafunga katika majani, tukapanda pikipiki. Jiko letu bado halijaezekwa.